UZI: Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi hasa, na kwa nini ndege haifuati mstari wa kwenye ramani

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kila mjadala wa safari za Marekani ukifunguliwa, swali hili halikosi: Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi? Mmoja anasema elfu kumi na moja na kitu, mwingine anashikilia kumi na mbili na nusu, wa tatu anatoa kumi na nne, na kila mmoja ana tiketi yake mkononi. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, maana kila mmoja anapima kitu tofauti. Naomba tulimalize hapa. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Jibu la mwenye haraka: takriban kilomita 11,840. Kwa maili ni kama 7,356, na kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia, ni kama 6,390. Kenya Airways walianza kuruka njia hii moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, na ndege hukaa hewani saa 13 hadi 15 hivi, kutegemea upepo na upande unaokwenda.

Mwenye kutaka kuelewa namba hiyo imetoka wapi, tuendelee.

Dunia ni tufe. Njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya tufe ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe, na duara hilo huitwa duara kuu. Ikweta ni mojawapo. Huhitaji hesabu kuliona. Tafuta tufe la darasani, bana uzi kwa kidole pale Nairobi, uvute hadi New York, kisha uukaze mpaka usilegee popote. Pale uzi ulipolala ndipo penye njia fupi.

Sasa chukua ramani ya kawaida, ile ya ukutani au ya kwenye simu, uchore mstari kwa rula toka Nairobi hadi New York. Mstari wako utakata kaskazini mwa Kongo, utapita kaskazini mwa Nigeria, utavuka Mali na kutokea baharini kwenye pwani ya Mauritania, maeneo ya Nouadhibou. Unaonekana umenyooka kabisa. Lakini ukiupima kwenye tufe ni kama kilomita 12,190, yaani unapoteza kilomita 350 bure.

Uzi wa kwenye tufe unapita kwingine kabisa. Unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unapita maeneo ya Mlima Elgon, unaingia Uganda karibu na Lira, unavuka Sudan Kusini, unagusa kona ya Darfur, unapanda Chad, unakata Niger ya kaskazini-mashariki, unapita Algeria juu kidogo ya Tamanrasset, kisha Morocco si mbali na Marrakesh, na hatimaye unaingia Atlantiki karibu na mji wa Safi. Hapo uko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pale rula ilipokutolea baharini.

Jambo ambalo napenda kila mtu alijue ni hili: toka Nairobi hadi Safi ni karibu kilomita 6,100. Safari nzima ni 11,840. Maana yake ukienda New York, zaidi ya nusu ya njia bado uko juu ya Afrika! Tumezoea kuliona bara letu dogo kwenye ramani hata hatujui ukubwa wake. Ramani hiyo asili yake ni Gerardus Mercator, aliyeitoa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Faida yake ni moja na ni kubwa: baharia akichora mstari ulionyooka, anaweza kuufuata kwa kushika uelekeo uleule wa dira mwanzo mpaka mwisho. Gharama yake ni kwamba kila kilicho mbali na ikweta kinavutwa na kupanuliwa. Ganda la chungwa halilali bapa bila kuchanika au kuvutwa, na dunia hivyohivyo. Ndiyo maana Greenland inaonekana inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kilomita za mraba milioni 30 na Greenland ni milioni 2 na kidogo. Afrika inaizidi mara kumi na nne. Walimu wa jiografia mliomo humu, nawasihi, kila mnapotundika ile ramani tundikeni na tufe pembeni yake.

Baada ya Safi, njia inapita kwenye visiwa vya Azores vya Ureno katikati ya bahari, inapanda hadi latitudo ya 42 kaskazini kusini mwa Newfoundland, inapita kama kilomita 50 kaskazini ya mahali Titanic ilipozama mwaka 1912, kisha inaanza kushuka taratibu kuelekea New York.

Inaendelea...

---

Kuna ndugu ameandika hapo juu: "Mkuu, kama njia fupi inaelekea kaskazini namna hiyo, mbona New York iko magharibi yetu?"

Swali zuri sana, na jibu lake Waislamu wengi waliohamia Marekani wamelikuta msikitini. Makka iko latitudo ya 21 kaskazini, New York iko karibu 41. Kwa macho ya ramani bapa, mtu aliyeko New York angesema Makka iko kusini-mashariki yake. Lakini kibla cha New York ni nyuzi 58 kutoka kaskazini, yaani kaskazini-mashariki. Mtu mgeni akiingia msikiti wa kule anaweza kudhani safu zimepindishwa. Hazijapindishwa. Zinaelekea njia fupi kwenda Makka juu ya tufe, ileile ambayo ndege ingeifuata. Nairobi hatulioni jambo hili kwa sababu Makka iko karibu kaskazini yetu kabisa, kwa hiyo ramani bapa na tufe zinakubaliana. Kadiri sehemu mbili zinavyoachana kwa longitudo, ndivyo ramani inavyozidi kukudanganya.

Wataalamu wa zamani wa Kiislamu walilijua hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Al-Biruni, aliyefariki karne ya 11, alipiga hesabu za uelekeo na umbali wa miji juu ya tufe kwa trigonometria, na pia alikadiria nusu kipenyo cha dunia kwa kupima mlima na upeo wa macho. Hesabu zetu za leo za njia za ndege zina msingi uleule.

---

Mwingine ameuliza: "Sasa nikipitia Amsterdam nazunguka sana, si ndiyo?"

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Tupige hesabu. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680. Amsterdam hadi New York ni kama 5,850. Jumla 12,530. Umeongeza kilomita 690 tu juu ya njia ya moja kwa moja. Na ukipitia Accra, ambayo kwenye ramani inaonekana ndiyo iko njiani hasa, jumla ni kama 12,410, umeongeza 570. Tofauti ya Accra na Amsterdam ni kilomita mia na ushee, safari ya ndege isiyofika robo saa. Ukiangalia ramani ya ukutani huwezi kukubali, lakini ndivyo dunia ilivyo.

Doha ndiko kunakozungusha kweli. Nairobi hadi Doha 3,350, Doha hadi New York 10,770, jumla 14,120. Kilomita 2,280 za ziada, karibu saa mbili na nusu za hewani, bado hujahesabu kusubiri. Simwambii mtu asipite Doha. Bei ikiwa nzuri na muda unao, pita. Lakini ujue unachonunua. Yule aliyesema elfu kumi na nne mwanzoni tiketi yake ilikuwa ya namna hii, na yule wa kumi na mbili na nusu alipita Ulaya.

Na kwa Watanzania wenzangu: Dar es Salaam hadi New York kwa duara kuu ni kama kilomita 12,440. Ukiruka Dar hadi Nairobi kwanza, halafu Nairobi hadi New York, jumla ni kama 12,500. Nairobi iko karibu kabisa juu ya njia yako, unaongeza kilomita zisizofika 70. Anayekwambia unarudi nyuma kwa kupanda ndege ya Nairobi, mwonyeshe hizo namba.

---

Sasa tuingie sehemu ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Kilomita 11,840 ni umbali wa ardhini, haubadiliki. Ila kwa ndege, kwenda na kurudi si safari moja.

Cha kwanza ni upepo. Juu kule, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, kuna mikondo mikali ya upepo inayovuma toka magharibi kwenda mashariki. Atlantiki ya kaskazini ni mojawapo ya sehemu inakovuma kwa nguvu sana, hasa majira ya baridi ya kule. Kilomita mia na zaidi kwa saa ni kawaida, na siku nyingine mia tatu. Ndege hupima mwendo wake dhidi ya hewa, kwa hiyo hewa ikisogea, inasogea nayo. Tarehe 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba waliyoiita Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York na kutua London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa mpaka mwendo wake juu ya ardhi ukapita kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja kizuizi cha sauti, maana ndani ya ile hewa yenyewe ilikuwa inakwenda mwendo wake wa siku zote. Ukienda New York upepo huo unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma. Sehemu kubwa ya njia ya juu ya Afrika, upepo hauna makali hayo. Kazi inaanza Atlantiki.

Ndiyo maana waratibu wa safari hawachori njia ileile kila siku. Wanaangalia utabiri wa upepo, na mara nyingi njia ndefu kwa kilomita mia mbili au tatu inakuwa fupi kwa muda na kwa mafuta. Ukimwona jirani yako anashangaa kwa nini ndege imepinda kaskazini mno au kusini mno, sababu mara nyingi ni hiyo.

Cha pili, na hiki ndicho kinachotugusa sisi watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni mwinuko wa uwanja. Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linabebwa na hewa, injini inakula hewa. Hewa ikipungua, vyote viwili vinapungukiwa. Ndege inahitaji kukimbia kwa kasi zaidi kabla ya kunyanyuka, kwa hiyo inahitaji njia ndefu. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa mita 4,117, mojawapo ya ndefu ukanda huu, na bado ndege nzito haiwezi kupaa pale na uzito uleule ambao ingepaa nao Mombasa.

787-8 inaruhusiwa kupaa ikiwa na tani 228 hivi, na matangi yake yanabeba lita 126,000 za mafuta. Boeing wanasema ikiwa na abiria inafika kilomita 13,500. Ukisoma namba hizo unasema Nairobi hadi New York ni kazi ndogo, imebaki akiba ya kilomita 1,700. Lakini namba hizo si za uwanja wa mita 1,624. Huwezi kujaza kila kitu. Ukijaza mafuta, unapunguza mizigo. Ukijaza mizigo, mafuta hayatoshi. Na sheria inakutaka ubaki na mafuta ya akiba ya kuzunguka, na ya kwenda uwanja mwingine kama New York kumefungwa kwa theluji. Mtu mwenye mzigo wa maua au parachichi wa kupeleka Marekani anaijua habari hii vizuri: nafasi ya mizigo kwenda huwa ya kubana kuliko ya kurudi.

Kuondoka usiku kunasaidia sana, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito. Usiku wa Nairobi na nyuzi zake 15 hivi ni msaada mkubwa kwa rubani. Watu wanadhani ratiba ya usiku ni ya kumrahisishia abiria tu.

JFK, uwanja wa New York, nao uko mita 4 tu juu ya bahari. Kurudi unajaza unavyotaka, na upepo unakusukuma.

Ukitaka kuona nguvu ya mwinuko, tazama Addis Ababa. Uwanja wa Bole uko mita 2,334. Addis hadi Washington ni kama kilomita 11,560, pungufu ya Nairobi na New York. Lakini kwa miaka mingi Ethiopian Airlines wakienda Washington walitua njiani kuongeza mafuta, Dublin kwa kipindi kirefu, halafu wakirudi wakaruka moja kwa moja bila kusimama. Umbali uleule, ndege ileile, marubani walewale. Kilichobadilika ni kimo cha uwanja wa kuondokea na uelekeo wa upepo.

---

"Mkuu na hizo nchi zinazofungwa anga je? Sudan si imefungwa?"

Ndiyo kaka. Tangu vita vya Sudan vianze tarehe 15 Aprili 2023 anga ya Sudan imekuwa marufuku kwa ndege za abiria zinazopita, labda kwa njia finyu sana pembezoni. Njia yetu ya duara kuu inagusa kona ya Darfur, kwa hiyo huko inabidi kukwepa. Agosti 2023, baada ya mapinduzi, Niger nayo ilifunga anga yake kwa karibu mwezi mzima. Libya ni ya kuhofiwa tangu zamani. Ukiziangalia nchi hizo zote kwa pamoja, unaona jinsi katikati ya bara letu kulivyo kugumu kupita, na ndege zinazotoka Nairobi kwenda Ulaya na Amerika zinabanwa kwenye njia chache. Inaniuma kusema hivi, lakini vita vyetu vinaingia mpaka kwenye gharama za mafuta ya ndege ambayo haina abiria hata mmoja wa nchi hiyo.

Si jambo geni. Kuanzia mwaka 1963 nchi huru za Afrika ziliikataza South African Airways kupita juu ya anga yao kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Ikabidi ndege za Johannesburg kwenda London zizunguke lile bonge lote la magharibi mwa bara, baharini, na kutua kuongeza mafuta kwenye kisiwa cha Sal, Cape Verde. Miaka ya 1970 makaburu walinunua Boeing 747SP, fupi kwa umbo ila ya masafa marefu, kwa ajili ya tatizo hilohilo. Mwaka 1976 moja wapo iliruka toka kiwanda cha Boeing kule Everett hadi Cape Town bila kutua, zaidi ya kilomita 16,500, ikiwa haina abiria wa kulipa. Umbali wa Johannesburg na London haukuongezeka hata mita moja. Kilichoongezeka ni bei ya ubaguzi, na nchi zetu ndizo zilizoiweka.

Mwaka 2022 Urusi ilipofunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya, Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa safari ya saa tisa na nusu, ikawa karibu saa 13. Finnair, shirika la Ufini, ilikuwa imejenga sehemu kubwa ya biashara yake juu ya ule ufupi wa njia.

---

Dada mmoja ameuliza kuhusu usalama wa kuvuka bahari na injini mbili. Ni wasiwasi wa haki, nijibu kwa uzito wake.

Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda popote tu. Kila sehemu ya njia lazima iwe ndani ya muda fulani kutoka uwanja ambao inaweza kuufikia kwa injini moja. Mwaka 2014 familia ya 787 ilipewa idhini ya hadi dakika 330. Kwenye njia yetu huhitaji dakika zote hizo, kwa sababu Azores iko pale katikati. Kisiwa cha Terceira kina uwanja wa Lajes wenye njia ndefu, na kazi yake imeonekana. Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat ikitoka Toronto kwenda Lisbon ilivuja mafuta mpaka injini zote mbili zikazimika juu ya Atlantiki. Rubani aliiongoza ikielea hewani bila injini kwa kama dakika 19 mpaka Lajes. Waliokuwamo wote 306 walipona. Ukiwa na kiti cha dirishani na hali ya hewa ni nzuri, vitafute visiwa hivyo.

Isitoshe, shirika haliruki kwenda Marekani kwa kutaka tu. Kenya ilibidi ipandishwe daraja la kwanza la usalama na mamlaka ya anga ya Marekani, jambo lililofanyika Februari 2017 baada ya miaka ya maandalizi, pamoja na kubadilisha utaratibu wa ukaguzi wa abiria pale Jomo Kenyatta. Na ndani ya ndege kuna marubani wanne, wanapokezana na kulala.

---

"Ni safari ndefu kuliko zote duniani?" Hapana, haikaribii. Singapore hadi New York, ya Singapore Airlines, ni kama kilomita 15,350, zaidi ya saa 18. Airbus A350-900ULR inayoruka njia hiyo ina viti 161 tu na haina daraja la kawaida kabisa, kwa sababu ya uzito. Qantas nao wanaandaa Sydney hadi London, kilomita 17,000, na Oktoba 2019 walijaribu New York hadi Sydney wakiwa na watu 49 tu ndani, saa 19 na dakika 16. Kikomo cha dunia yenyewe ni kilomita 20,000 hivi, nusu ya mzingo wake. Hakuna miji miwili inayoweza kuachana zaidi ya hapo.

---

Walioomba namna ya kupiga hesabu wenyewe, hii hapa. Unahitaji kikokotoo chenye sine na kosine, na latitudo na longitudo za viwanja.

Jomo Kenyatta: latitudo 1.32 kusini, kwa hiyo tunaandika -1.32, longitudo 36.93 mashariki. JFK: latitudo 40.64 kaskazini, longitudo 73.78 magharibi. Mmoja uko mashariki na mwingine magharibi, kwa hiyo longitudo unazijumlisha: 110.71. Ingekuwa yote iko upande mmoja, ungetoa.

Zidisha sine za latitudo mbili: unapata -0.0150. Zidisha kosine za latitudo mbili, kisha zidisha na kosine ya 110.71: unapata -0.2683. Jumlisha: -0.2833. Tafuta pembe yenye kosine hiyo: nyuzi 106.46. Kila nyuzi moja ya duara kuu ni kilomita 111.19. Zidisha, umefika 11,837. Dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo vipimo vya kitaalamu vinaweza kutofautiana na hiki kwa kilomita chache. Kwa matumizi yetu inatosha na kubaki.

Tahadhari moja kwa wanafunzi: hakikisheni kikokotoo kiko kwenye nyuzi, si radiani. Wengi wanakwama hapo na kudhani kanuni ni mbovu.

Na msipime umbali kwa saa za kwenye tiketi. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane majira yao ya baridi na saba majira ya joto. Ukiondoka Januari saa tano usiku na kufika saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za kule, tiketi inaonekana saa saba, kumbe umekaa hewani kumi na tano.

Wenye miji mingine wekeni hapa chini jina la uwanja wa kuondokea na wa kufikia. Goma na Lubumbashi hadi Brussels nimeshaziona, na yule wa Muscat hadi Toronto pia. Naanza na Lubumbashi jioni ya leo.